Mataa ya barabarani juu ya meza: kujifunza Arduino kwa mazoezi madogo madogo

Wengi wanaoniuliza waanzie wapi na Arduino, ile bodi ndogo unayoiprogramu iwashe taa, isome vitufe au iendeshe mota, wanakuja na ndoto kamili kichwani, mmoja anataka roboti, mwingine anataka bustani ijimwagilie yenyewe kwa simu, mwingine anataka kufuli la mlango linalosoma alama ya kidole, na jibu langu huwa lile lile: chukua taa moja ya LED na rezista moja (kile kipande kinachopunguza umeme unaopita), ifanye hiyo taa ifanye kitu kimoja ulichokitaka wewe. Halafu badilisha kidogo. Halafu badilisha tena. Najua linasikika kama jibu la kumpa mtoto ila naliamini kabisa, maana nimeona wanaoanza na roboti wanavyoishia, wanakopi programu ya mistari 300 kutoka YouTube, inagoma, na hawajui hata pa kuanzia kutafuta tatizo kwa sababu hakuna mstari hata mmoja wanaojua umewekwa pale kwa ajili ya nini.

Sa hivi nampitisha njia hiyo mpwa wangu, yuko kidato cha pili hapa Dar, na kila zoezi tunalofanya linanifanya niipende zaidi hii njia. Sharti letu ni moja: zoezi lolote liwe na kitu kipya kimoja tu. Vikiwa viwili, tunaligawa.

Bodi tunayotumia ni ya Arduino Uno, tena sio orijino, ni kopi ya Kichina ya Kariakoo, na hilo ni halali kabisa. Arduino ilianza 2005 kule Ivrea, mji mdogo kaskazini mwa Italia, kwenye chuo cha ubunifu ambapo walimu walitaka wanafunzi wa sanaa na usanifu waweze kutengeneza vitu vya elektroniki bila kusomea uhandisi. Kina Massimo Banzi na David Cuartielles na wenzao waliijengea juu ya kazi ya mwanafunzi mmoja wa pale pale, Hernando Barragán kutoka Kolombia, aliyetengeneza mfumo ulioitwa Wiring kama kazi yake ya shahada ya uzamili (na jina la Barragán linasahaulika mno, inaniuma). Michoro ya bodi wakaiachia wazi kwa dunia nzima, mtu yeyote anaruhusiwa kuitengeneza na kuiuza mradi asibandike jina lao. Ndo maana kijana wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue kule Nairobi anapata bodi inayofanya kazi ile ile kwa bei ya chini sana. Kitu kimoja tu cha kujua, kopi nyingi zinatumia chipu ya CH340 kuongea na kompyuta kwa USB, kwa hiyo laptopu yako ikikataa kuiona bodi tafuta dereva ya CH340 (programu ndogo inayoisaidia kompyuta kuitambua chipu hiyo), ila kabla ya hapo badilisha waya, maana waya nyingi za USB tulizonazo majumbani ni za kuchajia tu, hazina nyaya za data ndani.

Ndani ya Uno kuna chipu ya ATmega328P. Saa yake inapiga mara milioni 16 kwa sekunde, sehemu ya kuhifadhi programu ni kilobaiti 32, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ni baiti 2,048 basi. Simu ya bei rahisi kabisa iliyopo sokoni leo inaizidi mbali sana. Lakini hapa hakuna Windows wala Android katikati, ukisema pini namba 8 (moja ya matundu ya kuchomekea nyaya) itoe volti 5 inatoa muda ule ule, na mimi sijui sehemu nyingine ambapo mtoto anaweza kuona sentensi aliyoiandika inageuka umeme mbele ya macho yake haraka hivyo.

Zoezi la kwanza ni lile la kila mtu, taa inawaka sekunde moja inazima sekunde moja. Programu yake ipo tayari kwenye mifano inayokuja na programu ya Arduino ya kompyuta, unafungua unapakia, na kijitaa kilichoandikwa L kwenye bodi kinaanza kupepesa. Wengi hapo wanapiga picha wanaweka status wanaendelea na somo jingine, na mimi naona hapo ndo wanakimbia utamu. Nilimwambia kijana abadilishe zile 1000 mbili (ni milisekunde, yaani sekunde moja) ziwe 500, ziwe 100, ziwe 20, ziwe 5, mpaka taa ionekane haipepesi tena inawaka tu kwa mwanga hafifu. Akaniuliza, "Mjomba, sasa hivi inazima au haizimi?" Inazima, jicho lako ndo halifuatilii. Kumbe kwa swali lile moja ameshagusa kitu ambacho baadaye kinaitwa PWM, ambacho ndo kinachopunguza mwanga wa skrini na kuendesha mota taratibu, na nikamwacha akae nacho bila kumtajia jina.

Halafu tukatoka kwenye kijitaa cha bodi tukaweka LED ya nje kwenye bredibodi, kile kibao chenye matundu cha kuunganishia vitu bila kulehemu. Hapo kitu kipya kimoja ni rezista, na sikubali mtu aiweke kwa sababu tu mchoro umesema. Bodi inatoa volti 5, LED nyekundu inakula kama volti 2, zinabaki 3, ukigawanya kwa ohmu 220 unapata kama miliampea 14. Pini ya Uno inashauriwa isivuke 20. Kwa hiyo 220 inatosha, na hata ukikosa 220 ukaweka 330 au 470 taa itawaka, itafifia tu kidogo. Kanuni ya Ohm aliyoimbishwa darasani hatimaye imepata kazi, nilimuona usoni.

Zoezi la Morse, ule mfumo wa kuandika herufi kwa nukta na mistari, linafuata, andika neno DAR kwa mwanga. D ni mstari nukta nukta, A ni nukta mstari, R ni nukta mstari nukta. Mstari una urefu wa nukta tatu, nafasi kati ya herufi nayo nukta tatu. Ukiandika moja kwa moja unajikuta na mistari ya washa-subiri-zima-subiri imejaa ukurasa mzima, na mwanafunzi mwenyewe anaanza kulalamika kwamba anarudia kitu kile kile. Hapo hapo ndo unamfundisha kutengeneza amri yake mwenyewe, moja aiite nukta, nyingine aiite mstari, na programu nzima inasomeka kama herufi zenyewe. Amri hiyo ya kujitengenezea ndo fankshoni, na sikuwahi kuona mtu akiielewa haraka kuliko mtu aliyechoka kukopi na kupesti.

Sasa hili linalofuata ndo ninalolipenda kuliko yote, na ndo limetuchukua muda mrefu. Mataa ya barabarani.

Kuwasha nyekundu, njano na kijani kwa zamu ni kazi ya dakika chache. Ila nilimtuma kwanza akasimame mataa ya Magomeni na daftari, aandike mfuatano wenyewe na muda wa kila rangi, kwa sababu nilitaka aanze na kitu kilichopo na sio kitu cha kwenye video. Alirudi na kurasa mbili na swali. Zoezi lilikuwa upande mmoja wa barabara, yeye alitaka pande zote mbili, na alipoziweka mezani akaona mwenyewe kwamba huwezi kubadilisha upande mmoja kuwa kijani sekunde ile ile mwingine unapogeuka nyekundu, kuna daladala bado ipo katikati. Lazima kuwe na kipande kidogo cha muda ambapo pande zote ni nyekundu. Wahandisi wa barabara wanakipanga hicho kipande makusudi, na yeye alikifikia kwa LED sita na bredibodi.

Halafu nikamwongezea trafiki. Ukikaa Dar unajua, jioni foleni ikizidi trafiki anaingia katikati ya barabara anaongoza kwa mkono na magari yanamfuata yeye, sio mataa. Kwa hiyo zoezi likawa: weka kitufe, trafiki akikibonyeza upande wa Morogoro Road upate kijani, akikiachia mataa yarudi kwenye utaratibu wake.

Kitufe peke yake ni mazoezi matatu, tukaligawa. La kwanza, unganisha kitufe kwenye pini na usome kama kimebonyezwa. Waya unatoka volti 5 unapita kwenye kitufe unaingia kwenye pini, inaonekana iko sawa, lakini taa inawaka na kuzima yenyewe hata ukisogeza mkono tu karibu. Mpwa alidhani bodi ni mbovu. Sio mbovu, kitufe kikiwa hakijabonyezwa ile pini haijaunganishwa na chochote, inaelea hewani inadaka umeme wa mkono wako na wa nyaya za ukutani, mara inasoma moja mara sifuri. Dawa ni kuipa sehemu ya kupumzikia, na ATmega ina rezista ndani yake tayari kwa kazi hiyo, unaandika INPUT_PULLUP na kitufe unakiunganisha na graundi (upande wa volti sifuri). Shida ndogo ni kwamba mambo yanageuka, ukibonyeza inasoma sifuri, ukiachia inasoma moja, na hilo inabidi ulizoee tu.

La pili, hesabu mibonyezo na uandike idadi kwenye dirisha la Serial Monitor la kwenye kompyuta. Bonyeza mara moja, inahesabu tatu. Bonyeza tena, inahesabu nne. Vile vibati vya ndani ya kitufe vikigusana vinadundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, wewe huoni lakini bodi yenye mapigo milioni 16 kwa sekunde inaona kila mdundo na kuuhesabu. Ukishaona mabadiliko ya kwanza, puuza mengine yote kwa milisekunde kama 20 au 50 hivi, hesabu inatulia. Nilimwacha ahangaike na hili jioni nzima bila kumwambia chanzo, nikampa fununu moja tu kwamba tatizo halipo kwenye programu, na nadhani nilifanya sawa, kwa sababu tangu siku ile akiona namba ya ajabu anauliza kwanza waya na kitu chenyewe vinafanya nini kabla hajaanza kufuta mistari.

La tatu ndo kuunganisha kitufe na mataa, na hapa ukuta. Trafiki anabonyeza, hakuna kitu. Anashikilia, anashikilia, baada ya sekunde kumi ndo mataa yanabadilika. Kwa nini? Kwa sababu amri ya delay inamaanisha bodi isimame isifanye lolote mpaka muda uishe, na kijani kimepewa sekunde kumi, kwa hiyo kwa sekunde zote hizo bodi haisomi kitufe. Hakuna somo la maneno linaloeleza ubaya wa delay vizuri kama trafiki asiyesikilizwa.

Suluhisho lake ni kubadilisha jinsi ya kufikiri, na kwa maoni yangu hapa ndo mtu anavuka kutoka kuwasha taa kwenda kuprogramu kwelikweli. Mama ntilie ana wali kwenye jiko moja, maharage kwenye jingine na chapati kwenye kikaango, hasimami kwenye sufuria moja akiitazama mpaka iive, anazunguka, hii bado, hii bado, hii tayari igeuze, na katikati anapokea hela ya mteja. Bodi nayo ina saa yake ya ndani, amri ya millis inakuambia zimepita milisekunde ngapi tangu iwashwe, wewe unaandika ni lini rangi ilibadilika mara ya mwisho, kila ukizunguka unauliza je muda umefika, kama haujafika unaendelea kuangalia kitufe. Na inabidi uwe na sehemu inayokumbuka tupo hali gani sasa, kijani upande huu, njano, nyekundu kote, au trafiki ameshika usukani. Mpwa alizichora hizo hali kama miduara yenye mishale kwenye daftari kabla ya kuandika programu, sikumfundisha, ilimjia tu alipozidiwa na maelezo kichwani.

Na hapo kuna mtego mzuri sana ambao naupendekeza kwa kila mwalimu. Kwenye Uno namba ya aina ya int inaishia 32,767. Ukitumia int kuhifadhi muda wa millis, mataa yanakwenda vizuri sana, unashangilia, halafu baada ya kama sekunde 33 yanachanganyikiwa, rangi zinabadilishana kwa kasi mpaka zote zinaonekana zimewaka pamoja, na hazitulii mpaka uzime bodi. Mwanafunzi ambaye ameangalia kwa sekunde 20 tu atakuapia kwamba programu yake ni nzima. Ukitumia namba ya aina ya unsigned long inafika zaidi ya bilioni nne, yaani karibu siku 50 kabla ya kurudi sifuri, na kama unatoa muda wa zamani kutoka kwa muda wa sasa hata siku hiyo ikifika hesabu inabaki sahihi. Kwa hiyo sheria ya nyumbani kwetu: zoezi lolote linaloonekana limekamilika liache liendelee wakati tunakula, tukirudi bado linafanya kazi ndo tunasema limekwisha.

Mengine nayapitia haraka. Kizungusho cha sauti kilichong'olewa kwenye redio mbovu kinasomeka vizuri kwenye pini ya A0, kinatoa namba 0 mpaka 1023, ila vingi vya redio vimetengenezwa kufuata sikio la binadamu, kwa hiyo namba zinajazana upande mmoja ukizungusha, na hiyo peke yake ni zoezi zuri la kuchora grafu. Mchezo wa nani mwenye mkono mwepesi, taa inawaka baada ya muda usiojulikana na anayewahi kitufe anashinda, unavutia watoto wa mtaa mzima. Na umeme ukikatika? Programu inabaki, ila namba zote bodi inazisahau, alama za mchezo zinarudi sifuri, watoto wanagombana. Uno ina EEPROM, kumbukumbu ya baiti 1,024 ambayo haisahau, lakini kila sehemu yake imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 tu, ukiandika sehemu ile ile kila sekunde umefika kikomo hicho ndani ya saa 28. Andika pale tu namba inapobadilika.

Kama huna bodi bado, usisubiri. Kuna Wokwi, bodi ya kuigiza inayofunguka kwenye brauza, ina Uno, LED, vitufe na hata mdundo wa kitufe wameuweka, kwa bando la kawaida unaweza kufanya karibu mazoezi yote niliyoyataja. Na kwa watoto wa shule ya msingi ningechukua bodi ya micro:bit, ile BBC waliyowagawia wanafunzi wa Uingereza kama milioni moja mwaka 2016, ina taa 25 na vitufe viwili juu yake tayari, hakuna kuhangaika na nyaya. Bodi ya ESP32 yenye Wi-Fi ni nzuri sana, ila kwa mtu anayeanza naona inaleta mambo mengi kwa mkupuo, intaneti ikigoma hujui kosa ni la taa au la mtandao.

Sasa tupo kwenye kupima maji ya simtanki. Tunatumia HC-SR04, kile kidude chenye macho mawili, kinapiga mlio wa kilohezi 40 usiosikika, unagonga maji unarudi, unapima muda. Kila maikrosekunde 58 ni kama sentimita moja kwenda na kurudi. Kama! Kwa sababu sauti inasafiri mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, na ndani ya tangi jeusi lililopigwa na jua la Februari joto linafika huko juu, kwenye nyuzi 40 ni kama mita 355, kwa hiyo kwenye sentimita 100 unakosea zaidi ya tatu. Kwa kujua tangi lina maji au halina hiyo sio shida, kwa kudai lita kamili ni shida. Tena kile kidude cha wazi hakivumilii mvuke, cha kuweka ndani ya tangi kwa kudumu ni JSN-SR04T isiyoingia maji, nayo haioni vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 hivi, kwa hiyo inabidi uifunge juu zaidi ya maji yanapoishia kujaa. Tunapima kwenye ndoo kwanza, tunachukua vipimo vitano tunavipanga tunachagua cha katikati, ili kipimo kimoja cha ovyo kisiharibu vingine.

Ameshaniomba tuunganishe na pampu ijiwashe yenyewe, nimemwambia bado. Zile reley za bluu (swichi zinazowashwa na bodi) zinauzwa bei rahisi na mgongoni zimeandikwa volti 250, lakini umeme wa ukutani karibu na maji sio zoezi la kidato cha pili, siku ikifika tutaifanya na fundi umeme anayejua kazi yake. Kwa hiyo pampu inawashwa kwa mkono, na zoezi la sasa ni baza, kile kikengele cha umeme: ilie mara moja tu maji yanapoanza kuingia baada ya tangi kukauka, isirudie kulia usiku huo, na umeme ukikatika ukarudi ikumbuke kwamba ilishalia. Kila kipande cha zoezi hili ameshakifanya mahali, hali za mataa, saa ya millis, EEPROM. Kinachotubishanisha ni maji yanayotikisika, yeye anasema asubiri maji yapande sentimita mbili, mimi nasema asubiri yapande kwa dakika nzima mfululizo, na tunajaribu zote mbili Jumamosi maji yakitoka. Kama umeshafunga kitu kama hiki kwenye tangi lako, niandikie ulitofautishaje maji yanayotikisika na maji yanayoingia.